Kabla Hujaomba Umeme wa Gari Nakivale

Anayetaka kujua umeme unauzwaje asianze na mwenye gari. Aanze na mwenye simu wa Nakivale, makazi (settlement) ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Betri ya simu nyingi za siku hizi, ile iliyoandikwa 5,000 mAh, hubeba umeme kidogo sana: yuniti moja (kWh) ya Yaka, mita ya kulipia kabla, hata ukitoa ule unaopotea kwenye chaja, hujaza simu kama 40. Kwenye kibanda cha kuchajia cha huko, chaji ya simu moja kwa kawaida ni shilingi 500. Piga hesabu. Yuniti ambayo mwenye nyumba wa Mbarara anainunua kwa shilingi 900 hivi, kwenye kibanda cha sola inageuka shilingi 20,000.

Wala mwenye kibanda si mwizi. Katika kazi ile umeme wenyewe ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Mteja analipia paneli, analipia betri itakayokufa baada ya miaka michache, analipia inveta, kufuli, paa lisilovuja, na mtu anayeshinda pale kutwa nzima akilinda mali za watu. Ukisimama mlangoni utaona utaratibu wote: simu zimelazwa kifudifudi kwenye ubao, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye namba, na namba hiyo hiyo iko kwenye kikaratasi mfukoni mwa mwenyewe. Hakuna anayegusa simu ya mwenzake. Hakuna anayechomoa ya mwingine ili achomeke yake, hata kama ile nyingine imeshajaa. Anamwita mwenye kibanda. Anayengoja simu ya ofisi kuhusu safari yake ya kupelekwa nchi ya tatu hujieleza, na mara nyingi hupishwa.

Naanzia hapo kwa sababu watu wa barabara ya Mbarara na Isingiro wameanza kuulizia magari na boda za umeme: madereva wa special (teksi za kukodi), wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa settlement, vijana wenye ndugu Amerika au Australia walio tayari kuwatumia pesa ya kuanzia. Swali lao la kwanza huwa lile lile, kuchaji ni pesa ngapi? Ni swali la maana, lakini kwa njia hii ya Nakivale lina mwenzake ambaye ni mgumu zaidi: utachajia kwa nani, na utamwombaje?

Tumalize pesa kwanza. Tangu Aprili 2025 umeme wa majumbani unauzwa na UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kuisha, na bei inapangwa na mamlaka ya udhibiti, ERA, ambayo huipitia kila robo mwaka. UEDCL ilipoanza, yuniti ya nyumbani ilikuwa shilingi 756 kabla ya VAT ya asilimia 18, ndiyo maana nasema hesabu 900. Wakati huo yuniti 15 za mwanzo wa mwezi ziliuzwa 250 tu, kwa ajili ya taa na redio za watu wa kipato kidogo. Kisha kuna ngazi ambayo wengi hawaijui: kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150 katika mwezi, bei hushuka, wakati huo hadi 412. Iliwekwa ili kuwavuta watu waache mkaa wapikie umeme, lakini mita haijui kama unachemsha maharage au unajaza gari. Ukivuka 150, bei hupanda tena. Kwa hiyo mtu mwenye mita yake mwenyewe, anayechaji gari nyumbani kila usiku, atalipa wastani wa chini kidogo kuliko ile 900. Bei hizi hubadilika. Soma risiti ya Yaka uone pesa yako imekupa yuniti ngapi, hiyo ndiyo bei yako ya kweli.

Gari tunalolizungumzia, kwa mfuko wa kawaida, ni Nissan Leaf iliyotumika Japani. Zile za mwanzo zina betri ya yuniti 24, za 2018 na kuendelea zina 40 au zaidi. Angalia mwaka, maana sheria ya 2018 inakataza kuingiza Uganda gari lililovuka miaka 15. Angalia pia ile safu ya vijistari 12 upande wa kulia wa dashibodi, vinavyoonyesha afya ya betri. Vikibaki 8, betri imechoka, hata muuzaji akuapie kwa babu yake.

Leaf kwenye lami hula yuniti 17 hivi kwa kilomita 100, na ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji, mita itahesabu 19. Kwa 900 hiyo ni shilingi 17,000 na kidogo. Toyota ya petroli inayokwenda kilomita 12 kwa lita, mafuta yakiwa karibu 5,000, itakula zaidi ya 41,000 kwa safari hiyo hiyo. Tofauti ni kubwa. Ila inabaki kubwa kwa anayechaji kwake tu. Ukichajia mahali wanapokutoza 2,000 kwa yuniti, umekaribia bei ya petroli. Ukichajia kwa jenereta ya dizeli, ambayo hutoa yuniti kama 3 kwa kila lita, unalipa zaidi ya 1,600 kwa yuniti hata kabla mwenye jenereta hajahesabu oili na jasho lake, na makelele umewapa majirani bure. Shika hiyo 2,000 kichwani kama mpaka wako. Ikivukwa, huchaji tena kwa faida, unachaji ili ufike nyumbani.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Mbarara kupitia Kaberebere na Isingiro hadi settlement ni kilomita 50 na kitu, zaidi au pungufu kutegemea unaelekea Base Camp, Juru au Rubondo. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 100. Leaf ya yuniti 24 yenye betri iliyozeeka haina 100 za uhakika, na ukiacha lami ukaingia vumbi na vilima, ukiwa na abiria wanne na magunia, hata zile 80 ulizozizoea mjini zitapungua. Maana yake ni hii: anayenunua gari la betri ndogo kwa njia hii amenunua pia kazi ya kuomba umeme Nakivale. Mwenye betri ya 40 anaweza kwenda na kurudi bila kubisha hodi kwa mtu. Ukiniuliza, hiyo tofauti ya bei ya kununua ni afadhali uilipe mara moja kuliko kuilipa kila wiki kwa nyuso za watu.

Kwa nini nasema nyuso? Chaji ya kawaida ya ukutani, ampia 10 kwenye soketi yetu ya pini tatu, inaingiza karibu yuniti 2 na nusu kwa saa. Kuomba nusu ya betri ya yuniti 24 ni kuomba saa tano za ukuta wa mtu. Nguzo za umeme hazijafika kila kitongoji cha Nakivale. Penye nguzo, nyuma ya mita moja kuna duka, kinyozi, friji ya soda na kibanda cha simu. Saa zako tano zinaweza kuangusha swichi ya nyumba nzima mara tu kinyozi anapowasha mashine. Na pasipo na nguzo, usiulize kabisa. Paneli ya wati 300 inatoa yuniti moja na robo hivi kwa siku ya jua zuri. Kumwomba mwenye sola ya nyumbani akujazie gari ni kumwomba umeme wake wa majuma mawili au zaidi.

Basi pale penye umeme wa kutosha, omba kama mgeni anayejua anachoomba. Usianze na waya mkononi. Funga gari mbali kidogo, piga hodi, salimia nyumba nzima, ndipo useme shida. Nimemsikia dereva mmoja akifanya hivi vizuri mbele ya duka la mama mmoja Mkongomani:

«Hodi, mama. Niko na shida ya umeme, si ya pesa. Gari langu linataka saa tatu. Litakula yuniti kama 8, hiyo ni kama 7,000 kwenye Yaka yako. Mimi nitaweka 15,000. Kama kuna mashine utawasha, niambie niizime ya kwangu kwanza.»

«Na mvua ikinyesha?»

«Nachomoa, mama. Siwezi kuacha waya kwenye maji.»

Angalia alichokifanya. Alitaja muda kabla ya pesa, kwa sababu muda ndio unaomgharimu mwenye duka. Alitaja yuniti, si asilimia; asilimia za gari lako hazimwambii mtu chochote. Akaweka juu ya gharama, karibu mara mbili, bila kungoja kudaiwa, maana kama tulivyoona kibandani, anachouziwa ni zaidi ya umeme. Na akampa mama haki ya kumzima.

Shida ya kweli huja pale mwenyeji anapokataa pesa. Kwetu hili ni jambo la kawaida: mgeni amekuja, ni rafiki wa shemeji, anatozwaje? Ukimshikisha noti atajisikia umemfanya muuza duka. Ukiondoka bure, umemlia yuniti ambazo mkewe alikuwa amezipangia wiki nzima. Njia iliyo safi ni Yaka yenyewe. Mita ya mtu ina namba, na kwa simu yako, MTN au Airtel, unaweza kununua umeme ukaingia kwenye namba hiyo popote ulipo. Mwombe namba ya mita mapema, kwa kisingizio chochote cha heshima. Ukifika Isingiro, nunua, kisha mtumie ile tokeni ya tarakimu 20 kwa ujumbe na salamu za nyumbani. Hajapewa pesa mkononi mbele ya watoto, na taa zake zinawaka.

Ili usinunue pungufu, piga picha ya mita kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomoa. Mita ya Yaka inaonyesha yuniti zilizobaki. Toa moja kwa nyingine upate ulizokula. Fanya hivyo mwenyeji akiona. Na kama mita inagawanywa na wapangaji, kama ilivyo kwenye vyumba vingi vya kupanga Mbarara, Kakoba kwa mfano, ruhusa ya mpangaji mmoja haitoshi. Zile yuniti 15 za bei ndogo na zile za ngazi ya kupikia ni za mita, si za chumba. Gari lako likizimaliza kwa siku chache, majirani watalipa bei kamili hadi mwisho wa mwezi bila kujua sababu. Ongea na mwenye nyumba, akufungie mita ndogo ya pembeni. Fundi umeme anaiweka kwa siku moja, na maneno ya ukumbini yanaisha.

Kuna milango ambayo usiibishe hata ukiwa umekwama. Kituo cha afya ni wa kwanza: sola ile ndiyo inayolinda friji ya chanjo na kuwasha taa ya wodi ya wazazi usiku. Pampu ya maji ni wa pili. Ofisi za mashirika wengi huziona rahisi kwa sababu zina jenereta kubwa na askari anayeweza kuzungumzika. Sasa fikiria yule askari akifukuzwa kazi kwa ajili ya saa zako tatu. Kanisa na msikiti, zungumza na wazee, si na kijana aliyeshika ufunguo.

Mjini mambo ni mepesi. Kwenye geti la nyumba ya wageni Mbarara, sema habari ya gari kabla ya kulipia chumba, maana ukishalipa umepoteza nguvu ya kuondoka. Uliza soketi ya nje iko wapi, uliza kama jenereta huwashwa usiku na kama utatozwa umeme wake. Likijaa usiku wa manane hakuna aliyekuzuia kuamka ukalisogeza. Pale penye mashine ya kasi, wenye magari duniani kote wana desturi ya kuondoka likifika asilimia 80, kwa kuwa kutoka hapo betri hupokea polepole na foleni nyuma yako inaumia. Kwenye soketi ya ukutani sababu hiyo haipo, jaza hadi utosheke. Jambo moja tu halibadiliki popote: usichomoe gari la mtu. Acha namba yako ya simu kwenye kioo cha mbele, na simu ikiita, pokea.

Usalama nitausema kwa ukali kidogo. Kebo inayokuja na gari la Japani mara nyingi imetengenezwa kwa umeme wa kule, volti 200, na huvuta hadi ampia 15. Soketi yetu ni ya ampia 13, na hata hizo si za kuzivuta usiku kucha. Mafundi wengine hukata kichwa cha Kijapani wakafunga plagi ya kawaida, na kazi yao unaikuta asubuhi: plagi imelainika, ukuta umekuwa mweusi. Nunua kebo ya volti 240 inayoweza kushushwa hadi ampia 10 au 8. Ekstensheni iwe ya waya mnene, milimita za mraba 2.5, na ikunjuliwe yote. Ikibaki imezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata moto katikati ambako huoni. Baada ya nusu saa, shika plagi. Ikiwa na joto la kuumiza kiganja, simamisha. Na gari likikataa kuanza kuchaji, taa nyekundu kwenye kisanduku cha kebo, usikimbilie kusema limeharibika. Nyumba nyingi hazina waya wa ethi unaofika ardhini, na kisanduku kinakataa kwa kukulinda. Anayekushauri uchomeke vijiwaya vya kukidanganya, mshukuru, kisha ondoka.

Mpaka hapa huenda umekata tamaa ya gari. Kwa Nakivale, mimi mwenyewe ningeanza na boda. Betri ya pikipiki ya umeme ni ya yuniti 3 au pungufu. Inajaa kwa saa tatu au nne kwenye soketi yoyote nzuri, kwa shilingi 3,000 hivi, na inakwenda kilomita 60 hivi. Petroli ya kilomita hizo kwa Bajaj ni karibu 7,000. Zaidi ya hapo, betri ya ukubwa huo sola inaiweza: paneli tatu au nne za wati 300 zinaijaza kwa siku moja ya jua, na kwa hiyo mwenye kibanda cha simu anaweza kuwa mwenye kibanda cha boda bila kungoja nguzo. Kampala, kampuni kama Zembo na Gogo zinawabadilishia madereva betri, unaacha tupu unachukua iliyojaa. Kigali, mwendo wa saa chache kutoka Mbarara, tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria haziandikishwi kama si za umeme. Ethiopia, ambako wengine wa Nakivale wametoka, ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya mafuta mwanzoni mwa 2024. Kenya iliweka bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto mwaka 2023. Hata sisi hatukuanza jana: Kiira EV, gari la viti viwili la Chuo Kikuu cha Makerere, lilitembea mwaka 2011.

Kwa anayefikiria kufungua kibanda cha boda, bei isiwe kwa saa wala kwa «kujaza». Toza kwa yuniti, na mita ndogo iwe mbele ya mteja, maana betri mbili zilizoingia zikiwa na asilimia tofauti zitaleta ugomvi siku ya kwanza. Weka namba za plasta kama kwenye simu. Betri ya kampuni ya kubadilishana usiipokee hata ukilipwa mara tatu. Si mali ya dereva, na mkataba wake karibu kila mara unamkataza kuichajia nje. Anayebeba mgonjwa apishwe, na hilo liandikwe ubaoni kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali ili lisijadiliwe upya kila siku.

Limebaki la kukwama. Likikuishia kati ya Isingiro na settlement, usimruhusu mtu afunge kamba akuvute kama Toyota. Leaf inasukumwa na magurudumu ya mbele, na yakizunguka kwa kuvutwa mota inazalisha umeme usio na pa kwenda, ikaungua. Mwambie mwenye gari la kuvuta anyanyue mbele, magurudumu ya nyuma yabaki chini yakizunguka, na breki ya kuegeshea iwe imeachiwa. Kama hana cha kunyanyulia, atafute Canter ya kulipakia lote, na bei yake mkubaliane kabla hajawasha injini.